Kwa Nini Fikra Zisizo za Kawaida Kuhusu Kifo Hutushtua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, kila ninapozungumza juu ya kifo mbele ya watu. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kumwelekeza msomaji kwenye jingine bila kurudia, na kila jibu linaweza kusomwa peke yake.

## Mambo ya msingi

1. Ni fikra zipi hasa zinazoitwa "zisizo za kawaida" hapa?

Ni fikra yoyote inayogusa mojawapo ya mambo matatu ambayo kila jamii hudhani yamekwisha kuamuliwa: mwili wa marehemu utendewe nini, mtu ahesabiwe amekufa lini, na kama kifo ni jambo la kupokelewa au la kupingwa. Anayetaka mwili wake ugeuzwe mboji, anayesema kwamba mtu ambaye moyo wake bado unapiga anaweza kuwa amekwisha kufa, anayelipia kugandishwa kwa matumaini ya kuhuishwa na madaktari wa karne nyingine, na anayedai kwamba kifo si hasara hata kidogo kwa yule anayekufa, wote wanne wamo humu, ingawa wao kwa wao wasingekubaliana hata kidogo.

Ukawaida wenyewe hutegemea mahali na wakati. Fikra ileile huweza kuwa kufuru kwa babu na utaratibu wa ofisini kwa mjukuu, kama swali la 9 linavyoonyesha.

2. Mwitikio unaozungumziwa ni upi, na kwa nini hutangulia hoja?

Niliwahi kukaa mezani na watu saba, chakula kikiwa kimekwisha kupakuliwa, mmoja wao akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anaomba chumvi, kwamba amejaza fomu ya kuutoa mwili wake kwa wanafunzi wa udaktari. Kijiko cha jirani yangu kilisimama katikati ya sahani na mdomo. Dada mkubwa wa msemaji alisukuma kiti chake nyuma akasema, "Usituchurie!" Hakuna aliyekuwa amesikia sababu za yule bwana, kwa kuwa hakuwa amezitoa, na bado kila mtu alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

Akili hulipima jambo kuwa jema au baya kwa haraka zaidi kuliko inavyoweza kulichambua, na katika habari ya kifo haraka hiyo huongezeka kwa sababu kengele tatu hulia kwa pamoja. Maiti ni chanzo cha uchafu na maradhi, kwa hiyo mwili hujikunja. Maiti huyohuyo ni mama, rafiki au mtoto wa mtu, kwa hiyo mapenzi na wajibu huamka. Na kifo ni jambo ambalo kila jamii imelitungia maelezo yake ya pamoja, kwa hiyo anayesema kinyume huonekana anatikisa nguzo ya nyumba ambamo wengine wamelala. Anayeshtuka huhisi mshtuko mmoja tu. Hajui ni kengele ipi iliyomwamsha. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata ni juhudi ya kuzitenganisha kengele hizo.

3. Je, yote haya si woga wa kufa tu?

Ndivyo wengi wanavyodhani, na dhana hiyo ina historia ya heshima. Mwaka 1973 mwanaanthropolojia Ernest Becker alitoa kitabu kilichodai kwamba utamaduni mzima wa binadamu ni ngome dhidi ya ujuzi kwamba tutakufa, na mwaka uliofuata, miezi michache baada ya yeye mwenyewe kufa, kitabu hicho kilipewa tuzo ya Pulitzer. Katika miaka ya 1980 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Jeff Greenberg, Tom Pyszczynski na Sheldon Solomon, waliigeuza dhana hiyo kuwa nadharia inayoweza kupimwa: mtu akikumbushwa kifo chake, hushikilia zaidi imani za jamii yake na kuwa mkali zaidi kwa wanaozivunja.

Jaribio lao lililosifika zaidi, lililochapishwa mwaka 1989, lilihusu mahakimu 22 wa Arizona, ambao walipewa kesi moja ya kubuni ya mwanamke aliyeshtakiwa kwa ukahaba na kuombwa wapange dhamana. Waliotangulia kuandika mawazo yao kuhusu kufa kwao wenyewe walipanga, kwa wastani, dola 455. Waliobaki walipanga dola 50. Ni tofauti ya kushangaza, na ndiyo maana inasimuliwa kila mahali. Kisichosimuliwa mara nyingi ni kwamba maabara 21 ziliposhirikiana miaka ya karibuni kurudia mojawapo ya majaribio ya msingi ya nadharia hiyo, zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, matokeo yaliyotarajiwa hayakuonekana.

Maoni yangu ni kwamba woga wa kufa ni sehemu ya habari hii lakini hauwezi kuibeba yote. Mzee ambaye amekwisha kuridhika kwamba safari yake inaisha, ambaye anataja siku yake ya mwisho bila kutetemeka, anaweza kughadhibika akisikia kwamba mwili wa ndugu yake utayeyushwa kwa kemikali. Huyo haogopi kufa. Kuna kitu kingine anachokilinda.

4. Kinyaa kinaingiaje katika suala la mawazo? Wazo halinuki.

Halinuki, lakini kinyaa hakihitaji harufu. Mwanasaikolojia Paul Rozin na wenzake walionyesha jambo hili mwaka 1986 kwa njia ambayo mtu akiisikia haisahau. Waliwaonyesha washiriki chupa mbili, wakamimina sukari ileile ndani ya zote mbili mbele ya macho yao, kisha wakawaomba wabandike wenyewe karatasi mbili: moja yenye jina la sukari na nyingine yenye jina la sumu ya sayanaidi. Baadaye, walipotakiwa kunywa maji yaliyotiwa sukari hiyo, washiriki walisita mbele ya chupa yenye jina la sumu, ingawa mkono uliolibandika jina hilo ulikuwa wao wenyewe. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, mende aliyekufa na kutakaswa vijidudu vyote alichovywa kwenye juisi, na watu wakaikataa juisi hiyo.

Kinyaa, basi, hufuata mguso na mfanano, hakifuati hatari halisi. Ndiyo sababu majivu ya mtu, ambayo ni madini makavu yasiyoweza kumwambukiza mtu yeyote chochote, humfanya mtu mzima alisogeze sanduku lake kwa ncha za vidole. Ndiyo sababu pia kulitaja tu jambo kwa undani, kwa mfano kueleza kinachotokea kwa misuli ndani ya chombo cha alkali, yaani kemikali ya kuyeyushia mwili, huamsha mwitikio uleule ambao ungeamshwa na kuliona.

## Hoja, hasira na malezi

5. Kwa nini watu hutoa sababu zinazobadilika kila unapozijibu?

Kwa sababu, mara nyingi, sababu hizo zilitafutwa baada ya hukumu kutoka. Mwanasaikolojia Jonathan Haidt na wenzake waliwasimulia watu visa vilivyotungwa kwa uangalifu ili pasiwe na anayedhurika, visa vya kuudhi lakini visivyo na mhanga, kisha wakawauliza kosa liko wapi. Washiriki walitaja madhara; wakakumbushwa kwamba kisa kimeyaondoa madhara hayo; wakataja mengine; mwishowe wengi walibaki wakisema kwamba hawajui kueleza, ila wanajua ni vibaya. Mwaka 2001 Haidt aliandika kwamba hoja za kimaadili hufanya kazi ya wakili anayemtetea mteja aliyekwisha kuchaguliwa, wala hazifanyi kazi ya hakimu.

Utaliona jambo hili katika mazungumzo yoyote kuhusu kugandisha miili. Mtu huanza kwa kusema kwamba haiwezekani. Ukimwuliza kama angekubali iwapo ingewezekana, husema ni ghali. Ukiiondoa gharama, husema dunia itajaa. Ukiiondoa hofu hiyo, husema si maumbile. Kila sababu kwa upande wake inaweza kuwa nzuri, na ile ya kwanza ni nzuri kweli (tazama swali la 11). Kinachoonyesha kwamba hazikuwa msingi ni kuwa kuanguka kwa moja hakumtikisi msemaji hata kidogo.

Nimwonye mapema msomaji anayefurahia maneno haya: wakili huyo anamfanyia kazi pia anayeitetea fikra mpya.

6. Nimeuliza swali tu, sikupendekeza chochote. Kwa nini nimekasirikiwa?

Kwa sababu katika mambo yanayohesabiwa matakatifu, kule kufikiri kwenyewe huonekana kuwa nusu ya tendo. Mwanasaikolojia Philip Tetlock alichapisha mwaka 2000 uchunguzi ambamo mkuu wa hospitali katika kisa cha kubuni alipaswa kuchagua kati ya kuokoa maisha ya mtoto na kuiokolea hospitali fedha nyingi. Hata alipochagua mtoto, wasomaji walimhukumu vibaya zaidi kama alichukua muda mrefu kuamua. Usafi wa mtu ulipimwa kwa wepesi wake wa kukataa kufikiri.

Kiswahili kina neno linalosema haya kwa ufupi: uchuro. Anayetaja kifo pasipotakiwa huambiwa anachuria, yaani anakiita. Mtu anaweza kukana kabisa kwamba maneno yana nguvu ya kuua, kisha akashtuka vilevile akisikia mtoto wake akijadili mazishi yake mwenyewe. Ujuzi kwamba karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ni ya uongo haukuwasaidia washiriki wa Rozin (tazama swali la 4), na hapa pia hausaidii.

Lipo jambo la tatu, lisilohusu utakatifu wala uchuro. Swali lililoulizwa kwa utulivu huyafanya majonzi ya wengine yaonekane kama uzembe wa kufikiri. Mtu aliyezika mwaka huu hasikii "je, mazishi yana maana gani kwa maiti?" kama swali la falsafa, anasikia kwamba alichokifanya kilikuwa bure.

7. Mwitikio huu ni wa kuzaliwa nao au wa kufundishwa?

Uwezo wa kushtuka ni wa kuzaliwa, kinachotushtua hufundishwa. Ushahidi wa kale zaidi ninaoupenda unatoka kwa Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Anasimulia kwamba Dario, mfalme wa Uajemi, aliwaita Wagiriki waliokuwa barazani kwake akawauliza wangetaka malipo kiasi gani wawale baba zao waliokufa. Walijibu kwamba hakuna kiasi ambacho kingewashawishi. Kisha, Wagiriki wakiwa wanasikiliza kwa msaada wa mkalimani, akawaita watu wa kabila la Kihindi ambao desturi yao ilikuwa kuwala wazazi wao waliofariki, akawauliza wangetaka nini wawachome moto, kama Wagiriki walivyofanya. Wakapiga ukelele wakamsihi mfalme asitamke maneno ya kutisha kama hayo.

Kama kisa hicho kilitokea kama kilivyosimuliwa au la, angalia kwamba pande zote mbili zilikuwa zikilinda kitu kimoja: heshima kwa baba. Tofauti ilikuwa katika tendo lililofundishwa kubeba heshima hiyo.

8. Je, watoto nao hushtuka hivyo?

Watoto wadogo hawashtuki sana kama watu wazima, na huuliza zaidi. Wanasaikolojia Jesse Bering na David Bjorklund walichapisha mwaka 2004 uchunguzi ambamo watoto walitazama mchezo wa vikaragosi: panya anamezwa na mamba. Walipoulizwa, wengi walikubali kwamba panya hatahitaji tena kula, lakini wengi pia walisema bado anampenda mama yake. Mwili umekwisha, mapenzi yanaendelea. Watu wazima wamejifunza kuficha mgawanyiko huo, hawajaumaliza. Anayesema kwa yakini kwamba marehemu hahisi chochote huweza kusema, sentensi mbili mbele, kwamba marehemu asingependa kuzikwa mbali na mkewe.

## Fikra mahususi

9. Je, mwitikio hubadilika jamii ikizoea?

Hubadilika, wakati mwingine kwa kasi inayowashangaza walioupinga. Mnamo Januari 1884, katika mji wa Llantrisant nchini Wales, daktari mzee mwenye umri wa miaka 83 aitwaye William Price alijaribu kuuchoma mwili wa mtoto wake mchanga juu ya kilima. Watu waliona moto, wakakimbilia huko kwa hasira, na polisi wakamkamata. Mahakamani Cardiff, Jaji Stephen aliamua kwamba kuchoma maiti si kosa la jinai mradi hakuwaletei wengine kero. Price mwenyewe alipofariki mwaka 1893, mwili wake ulichomwa kwenye kilima hichohicho mbele ya watu wapatao 20,000, na mwaka 1902 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuusimamia utaratibu huo. Siku hizi Waingereza wengi zaidi huchomwa kuliko wanaozikwa, na hakuna anayekimbilia mlimani.

Kanisa Katoliki lilipiga marufuku kuchoma maiti mwaka 1886, likalegeza marufuku hiyo mwaka 1963, na mpaka leo linapendelea maziko huku likikataza majivu yasitawanywe. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mtu kushinda mjadala. Yaliletwa na kuona: jirani alichomwa, ibada ikasomwa, familia ikalia, na mbingu hazikuanguka.

Kuyeyusha mwili kwa maji ya moto na alkali kunapita njia hiyohiyo sasa. Askofu Mkuu Desmond Tutu alipofariki Desemba 2021, mwili wake ulitendewa hivyo kwa matakwa yake mwenyewe, na watu wengi walisikia habari za njia hiyo kwa mara ya kwanza kupitia jina ambalo walikwisha kuliheshimu. Anayeitanguliza fikra ngeni ni muhimu kuliko fikra yenyewe. Kuhusu mboji, jimbo la Washington nchini Marekani lilikuwa la kwanza huko kuiruhusu kisheria, kwa sheria ya mwaka 2019.

10. Kwa nini kifo cha ubongo bado huwasumbua hata watu waliosoma?

Kwa sababu hapa macho na maelezo yanapingana mbele ya kitanda. Ngozi ina joto, kifua kinapanda na kushuka kwa msaada wa mashine, moyo unapiga, na daktari anasema mtu huyu amekufa kwa kuwa ubongo wake umekoma kabisa kufanya kazi. Si rahisi kumlaumu mama anayeushika mkono wenye joto na kukataa.

Dhana hiyo ni changa. Mashine za kupumulia ndizo zilizoizaa, kwa kuwa kabla yake ubongo na moyo havikuachana kwa muda mrefu. Desemba 1967 daktari mpasuaji Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza jijini Cape Town, na mgonjwa akaishi siku 18; Agosti 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikachapisha vigezo vya kuutambua ubongo uliokufa. Ukaribu wa tarehe hizo mbili umewafanya wengi washuku kwamba kifo kilifafanuliwa upya ili viungo vipatikane. Ripoti yenyewe ilitaja mambo mawili: mzigo wa wagonjwa wasio na matumaini ya kuzinduka, na utata wa kupata viungo vya kupandikiza. Anayeshuku, kwa hiyo, hajabuni kitu; ametia mkazo kwenye sababu ya pili na kuisahau ya kwanza.

Woga wa kutangazwa mfu kabla ya wakati ni wa zamani kuliko mashine hizo. Mwishoni mwa karne ya 18 miji ya Ujerumani ilianza kujenga nyumba ambamo maiti walilazwa na kulindwa hadi waanze kuoza, ili pasizikwe aliye hai. Wakati huo kuoza ndiko kulikotuliza watu. Sasa tunawataka waamini vipimo.

11. Kwa nini wazo la kuepuka kifo huchukiza hata wanaopenda kuishi?

Hapa mshtuko haulindi mwili, unalinda maana. Watu wengi wamefanya amani na kifo kwa gharama kubwa: wamekubali kuwapoteza wazazi, wamejiambia kwamba ndivyo ilivyo. Anayekuja akisema kwamba labda haikuwa lazima anaufungua mkataba uliotiwa saini kwa machozi.

Upo pia upinzani usio wa hisia. Tangu Mmarekani Robert Ettinger aanze kulieneza wazo la kugandisha miili katika miaka ya 1960, na tangu profesa wa Marekani James Bedford agandishwe Januari 1967, hakuna mtu hata mmoja aliyehuishwa, wala hakuna anayejua namna ya kufanya hivyo. Mwaka 1979 ilikuja kujulikana kwamba miili tisa iliyokuwa imewekwa katika chumba cha chini ya ardhi makaburini Chatsworth, California, ilikuwa imeachwa ikayeyuka. Mwenye kutilia shaka ana haki yake. Ninachomwomba ni atofautishe kusema "haitafanikiwa" na kusema "isijaribiwe", maana ya kwanza ni hoja ya sayansi na ya pili inahitaji hoja nyingine kabisa.

12. Na programu zinazoongea kama marehemu?

Mwaka 2020 televisheni moja ya Korea Kusini ilimwonyesha mama aliyevaa miwani ya uhalisia pepe akinyoosha mikono kumshika binti yake mdogo aliyefariki, na mikono ikapita hewani. Watazamaji wengine walilia pamoja naye na wengine walikasirikia watayarishaji. Mhandisi wa Japani Masahiro Mori alikwisha kueleza mwaka 1970 kwamba kitu kinachokaribia kufanana na binadamu bila kufika hututia hofu na karaha, na upande wa chini wa mchoro wake aliweka maiti, na chini zaidi, maiti anayetembea. Programu ya namna hii inakaa hapo kwa makusudi. Swali la kuuliza hapa ni la ridhaa: marehemu alikubali maneno yake yatumike hivyo?

## Mwitikio una thamani gani

13. Je, kinyaa ni ushahidi kwamba jambo ni baya?

Mwaka 1997, katika mjadala wa kunakili binadamu, yaani kumzalisha mtu awe nakala ya mwingine, msomi wa maadili ya tiba Leon Kass alitetea kwamba karaha inaweza kubeba hekima ambayo akili haijaweza kuieleza. Wapinzani wake, mwanafalsafa Martha Nussbaum akiwa mmojawapo, walijibu kwamba karaha hiyohiyo imetumiwa kuwadhalilisha watu wa makabila, matabaka na maumbile yaliyodharauliwa. Naona wapinzani wana hoja nzito zaidi, lakini historia ya upasuaji wa maiti inanizuia kumtupilia mbali Kass.

Nchini Uingereza, tangu katikati ya karne ya 18, sheria ilifanya kupasuliwa baada ya kunyongwa kuwa sehemu ya adhabu ya wauaji. Vyuo vilihitaji miili mingi kuliko wanyongwaji waliopatikana, kwa hiyo makaburi yaliibiwa, na mwaka 1828 jijini Edinburgh William Burke na William Hare wakaenda mbele zaidi: waliua watu 16 na kuiuza miili yao kwa mwalimu wa anatomia. Sheria ya mwaka 1832 ilikomesha biashara hiyo kwa kuruhusu vyuo vichukue maiti wasiodaiwa na jamaa, wengi wao kutoka nyumba za maskini. Kwa maneno mengine, kilichokuwa adhabu ya muuaji kikawa fungu la fukara.

Maskini wa wakati huo walichukia upasuaji kwa nguvu, na wasomi wakawacheka kwa ushirikina wao. Wasomi walikuwa sahihi kwamba kumpasua maiti hakumwumizi. Maskini nao walikuwa sahihi kwamba walikuwa wanaonewa, ila lugha pekee waliyokuwa nayo ya kulisema hilo ilikuwa lugha ya kinyaa. Mwitikio ni sawa na mbwa anayebweka usiku: hujui kama ni mwizi au jani, lakini hulali bila kuchungulia.

14. Nitachunguzaje mwitikio wangu mwenyewe?

Anza kwa kuuliza ni kengele ipi kati ya zile tatu za swali la 2 iliyolia. Kama ni kinyaa, fikiria jambo lenyewe likifanyika mbali na macho yako na uone kama pingamizi linabaki. Kuzika nako kuna undani usiopendeza. Tofauti ni kwamba udongo hutuficha.

Wanafalsafa Nick Bostrom na Toby Ord walipendekeza mwaka 2006 jaribio la kugeuza, ambalo nalitumia mara nyingi: kama unaona badiliko la upande mmoja ni baya, jiulize kama badiliko la upande wa pili lingekuwa jema; na kama yote mawili ni mabaya, eleza kwa nini hali iliyopo imeangukia pazuri kabisa. Anayesema kuishi miaka 150 ni laana aseme kama tungenufaika umri ukipunguzwa uwe 50. Wakati mwingine jibu zuri lipo. Mara nyingi mtu hugundua kwamba alichokuwa anakitetea ni mazoea.

## Hali ngumu zaidi

15. Mimi sishtuki kabisa. Je, nina kasoro?

Si lazima. Diogenes, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliagiza atupwe nje bila kuzikwa. Rafiki zake wakauliza: kwa ndege na wanyama? "Hapana," akasema, "niwekeeni fimbo niwafukuzie." Wakamwuliza atawafukuzaje wakati hatakuwa na fahamu, naye akauliza atadhurikaje basi. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, aliyefariki Juni 1832, aliagiza apasuliwe mbele ya wanafunzi na mifupa yake ivalishwe nguo zake. Mpaka leo ameketi katika chuo kikuu jijini London, akiwa na kichwa cha nta kwa sababu kile halisi kiliharibika katika kukaushwa.

Lakini wote wawili walikuwa wanazungumzia miili yao wenyewe. Mtu asiyeshtuka kuhusu mwili wake hana ruhusa ya kudhani kwamba wengine wasishtuke kuhusu miili ya wapenzi wao.

16. Mtu wa karibu amebadilika, anazungumzia kufa mara kwa mara. Je, ni falsafa tu?

Usiliweke jambo hilo katika kundi la mambo yaliyojadiliwa hapa. Anayesema kwamba amechoka kuishi, au kwamba wengine watapumzika akiondoka, haleti nadharia. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, na umsaidie kumfikia mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Kumwuliza hakumpandikizii wazo hilo. Hapa ndipo hofu ya uchuro inaponyamazisha watu mahali ambapo walipaswa kusema.

17. Niwaambieje ndugu zangu matakwa yangu yasiyo ya kawaida?

Waambie ukiwa mzima, usisubiri wodini. Anza na uhusiano kabla ya utaratibu: sema nani ungependa awepo, nini kisomwe, wapi wataweza kukukumbuka, kisha ndipo ueleze mwili utafanywa nini. Maelezo ya kitaalamu yaache hadi uulizwe, kwa sababu iliyotolewa katika swali la 4. Andika matakwa hayo, na uulize sheria ya nchi yako inampa nani kauli ya mwisho, kwa kuwa sehemu nyingi jamaa wanaweza kuyatengua. Usidai wakubaliane nawe siku hiyohiyo.

18. Nimesikiliza hoja zote na bado jambo lenyewe linanikera. Nifanye nini?

Huna wajibu wa kulipenda. Unaweza kumruhusu mwenzako jambo ambalo wewe mwenyewe huwezi kulitazama.

Yule dada wa swali la 2 aliyesukuma kiti mezani hakulizungumza tena suala la mdogo wake kwa miezi kadhaa. Kisha siku moja akampigia simu na kumwuliza jambo moja tu: wanafunzi wakimaliza, mabaki yanaweza kurudishwa nyumbani? Alipojibiwa kwamba familia ikiomba hurudishwa, alikuja akatia saini kwenye nafasi ya shahidi, huku akiwa ameufunika ukurasa uliobaki kwa kiganja ili asiusome.